Bunduki Niliyomchagulia Ami Khalfan

Salma, binti wa ami yangu, alinipigia simu wiki ya tatu baada ya kumzika mama yake, akaniambia niende kwake Al Khuwair, hapa Muscat, kuna kitu changu. Nikamwambia mimi sina kitu changu kwenu. "Kipo, Nassor," akasema. "Njoo tu, usinitie maneno mengi." Salma alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, na mpaka leo akisema njoo, watu huenda. Nilimkuta sebuleni, kiyoyozi kinanguruma, magari ya watu wa wizarani yanapita chini ya dirisha bila kukoma, na juu ya meza ya kahawa, juu ya kanga ya marehemu mama yake, imelazwa bunduki. Sikuhitaji kuisogelea. Niliijua kwa zile pete nne za fedha kwenye mtutu, sasa nyeusi kama kucha zilizobanwa na mlango. Nimetimiza miaka sabini na minane, nimesoma, nimefanya kazi serikalini, nimelea watoto watano, na nilisimama pale mlangoni jasho linanitoka mgongoni. Wanangu wanajua karibu kila kitu cha maisha yangu, maana napenda kusema. Hiki hawakijui, kwa sababu kila nilipofika mwaka ule niliruka.

Mwaka wenyewe ni 1966. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, tuna miaka miwili tangu tutoke Unguja, na tulikaa Matrah, mji wa bandari wa Oman, katika nyumba ya Ami Khalfan, ndugu wa marehemu baba yangu. Yeye alikwenda Unguja kijana, akakaa huko miaka kumi na tano, akarudi Oman zamani kabla yetu, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha kwetu, kimetiwa Kiarabu kila kona. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na uwa. Mimi na mama tulipewa chumba chenye dirisha, na ami mwenyewe na mkewe Bi Zuwena na Salma wakakaa katika kile cha nyuma kisichopata upepo. Cha tatu kilikuwa baraza la wanaume, na humo ukutani kulikuwa na misumari miwili mikubwa iliyopigiliwa usawa wa kichwa, haina kitu juu yake. Hapo ndipo ilipokuwa ikilala bunduki ya ami. Aliiuza mwaka tuliofika sisi. Hakuna aliyeniambia ameiuza kwa ajili ya nini, wala sikuuliza, lakini nilikuwa na macho, na magodoro tuliyolalia yalikuwa mapya.

Mtu asiyezijua siku zile huenda asielewe misumari mitupu ile ilikuwa na maana gani. Mwanamume wa Oman ya bara hakwenda kwao bila jambia kiunoni na bunduki begani, na bunduki iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Kiingereza ya zamani, wakiiita sam'a. Ni ya risasi moja moja. Chini yake, nyuma ya kifyatulio, pana wenzo wa chuma. Ukiuvuta chini, tundu la juu hufunguka, unatia risasi, unaurudisha wenzo mahali pake, na bunduki iko tayari. Zilikuwa zimepita mikono ya watu wanne watano kabla ya kufika sokoni, nyingine nzima, nyingine mapambo tu. Ami Khalfan alikuwa hajakwenda kwao, bonde la Samail, tangu auze yake. Idi mbili alisema ana homa. Mwaka ule, kabla ya Idi ya Mfunguo Tatu, ikaja habari kwamba kaka yake mkubwa amefariki, na sasa yeye ndiye mkubwa wa watu wake. Siku ya Idi wanaume wakijipanga kuimba na kupiga bunduki, mkubwa ndiye hufungua. Hakuwa tena na njia ya kusema ana homa.

Akatafuta pesa, akazipata, lakini macho yake yalikuwa yameshaingia mtoto wa jicho, yote mawili. Aliona mwanga na vivuli na rangi za nguo. Kuchagua bunduki sokoni hakuweza. Na hapa ndipo mdomo wangu uliponiponza. Siku moja tunakula mchana, wali na papa mkavu, na mama ananung'unika kwamba mchuzi bila nazi ni maji ya chumvi, ami akasema hajui amtume nani. Nikasema, "Mie nnazijua bunduki, ami. Kwetu shamba nikipiga kunguru." Ukweli ni kwamba niliwahi kushika bunduki ya upepo ya jirani, mara moja, nikakosa kunguru nikatoboa pipa la maji. Mama alinitazama tonge liko njiani. Akalitia mdomoni, Mungu amrehemu, kwa kuwa alijua nilivyokuwa. Mimi nilikuwa karani mdogo katika ghala la mfanyabiashara mmoja, Kiarabu changu kinachekwa mpaka na wapagazi, ninaitwa Zinjibari asubuhi mpaka jioni, na nilikuwa na njaa ya kuonekana ninajua kitu chochote.

Baada ya chakula hicho, watu wamejilaza kwa joto, nilimsikia Bi Zuwena kwa upande wa pili wa ukuta. "Khalfan, yule mwana hajui bunduki. Tazama mikono yake, laini kama ya biarusi. Mtume mtoto wa jirani, wa Hamed." Ami akasema, "Mtoto wa Hamed si mwana wa ndugu yangu. Huyu Idi nitakwenda naye Samail. Watu wakiniuliza nani kakuchagulia, nataka niseme huyu. Wapate kumjua." Bi Zuwena akasema, "Haya, wewe na watu wako." Nililala pale chali nikitazama boriti, moyo umenijaa. Siku ile nilimpenda ami kuliko mtu yeyote duniani.

Jioni alinifunza. Alikuwa ameshachonga kijiti kwa uti wa kuti la mtende, mbichi, kizito, unene wa kulijaza tundu la mtutu, urefu wa mtutu na shubiri moja zaidi, kimelainishwa kwa kisu mpaka cheupe. "Nisikilize," akasema, "na fedha usiitazame. Fedha wanatia wale wanaotaka kukuuzia. Kwanza vuta wenzo uache. Ukianguka wenyewe kama mkono wa mlevi, mrejeshee mwenyewe. Pili, fungua, tia ukucha wako kwenye tundu upate mwanga, chungulia kwa mdomo wa mtutu. Tatu ndiyo kubwa. Isimamishe mdomo juu, tumbukiza kijiti hichi mpaka kifike chini, fyatua. Kamani ya kufyatulia ikiwa hai, ule msumari wa ndani utakipiga kijiti, kitaruka shubiri nzima. Kikitikisika tu, hiyo haitowasha risasi, hata ikiwa imevikwa dhahabu. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Akanipa kijiti, akanifanya niyarudie yote matatu, na nilipofika la tatu akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Asubuhi nilivaa dishdasha safi kuliko zote nilizokuwa nazo, nikakitazama kile kijiti. Kilikuwa kirefu, kinene, kama bakora ya mswaga punda. Ilinibidi nipite nacho mbele ya ghala, mbele ya wapagazi wale wale. Nikafanya nilichofanya. Mama alikuwa amekuja na ufagio wake wa chelewa kutoka Unguja, akiuhifadhi kama kitu cha arusi. Nikachomoa chelewa nne, nikazifunga kwa uzi, nikazitia ndani ya mkono wa dishdasha. Kijiti cha ami nikakisimamisha nyuma ya mtungi wa maji. Nilijiambia kijiti ni kijiti. Ufagio wa mnazi nao ni mti, na tena ni wa kwetu.

Sokoni dalali alikuwa akizunguka na bunduki begani, anataja bei kwa sauti ya kuadhini, na wenye mali wakimfuata nyuma. Mbili zilikuwa za aina niliyotumwa. Ya kwanza ilikuwa mbaya ya sura. Kitako kimepasuka kikafungwa ngozi ya mbuzi na waya, mtutu umekwaruzwa. Nikauvuta wenzo, ukaja kwa ukaidi na ukarudi kwa mlio mmoja mzito. Ndani ya mtutu palikuwa pasafi. Nakumbuka vizuri kwamba palikuwa pasafi, nimejaribu mara nyingi kujidanganya kuwa sikumbuki. Lakini niliitazama ile ngozi ya mbuzi nikawaona watu wa Samail wakinitazama, nikasikia wakisema Zinjibari kaleta fimbo ya mchunga. Ya pili ilikuwa na pete nne za fedha zinazong'aa, na wenzo wake ulishuka laini, bila kuvutwa, na mimi mjinga nikauona ulaini ule ni uzuri.

Nikatoa chelewa zangu. Vijana wakajikusanya, mmoja akauliza kama nataka kuisafisha meno. Nikaisimamisha, nikatumbukiza, nikafyatua, na chelewa zikatoka mtutuni zikaruka juu ya kilemba cha dalali. Watu wakasema mashallah. Hata wale waliocheka walisema. Nilikuwa sijapata kusifiwa namna ile Matrah kabla ya siku hiyo. Mwenye bunduki alikuwa mzee wa bara, mwembamba, kanzu yake imetoboka begani, na bila shaka alikuwa na shida, maana mtu hauzi bunduki yake wiki ya kukaribia Idi bila shida. Aliokota chelewa, akazipima kiganjani, akanisogelea. Akanena chini chini, kwa Kiarabu cha taratibu ili nimwelewe, "Mwanangu, jaribu na mti. Hii ni nywele." Nilimwelewa kila neno: kitu chepesi hata kamani mbovu hukirusha. Alikuwa ananiambia mwenyewe, kwa hasara yake, kwamba mali yake ni mbovu. Lakini vijana walikuwa wanatutazama, na mimi nilikuwa bado nina zile mashallah masikioni. Nikamjibu kwa sauti ya kusikika na wote, "Nnaijua kazi yangu, mzee." Akainamisha kichwa. Nikalipa.

Ami alikuwa akinisubiri barazani, amekaa chini ya misumari yake. Alipokea bunduki kwa mikono miwili, akaipapasa tangu kitako mpaka mdomo, vidole vikasimama kwenye pete ya kwanza, ya pili. Akauvuta wenzo. Ukashuka. Akaurudisha polepole. Akauliza, "Na kijiti? Kiliruka?" Nikasema kiliruka. "Kiasi gani?" Na kwa kuwa haoni, niliushika mkono wake wa kulia, nikauweka kwenye mdomo wa mtutu, kisha nikaupandisha juu polepole, shubiri moja na nusu, nikausimamisha hapo. "Mpaka hapa, ami." Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. Nimesema uongo mwingi maishani, mwingine mkubwa kuliko huo, lakini huo ndio uongo pekee niliousema kwa kushika mkono wa mtu. Akasema, "Barakallahu fik, mwanangu. Umechagua." Akainuka, akaitundika mwenyewe.

Tulikwenda Samail kwa lori, siku nzima ya mawe na vumbi, wanawake mbele na sisi nyuma juu ya magunia, yeye ameikumbatia bunduki isigonge. Kila tuliposimama watu waliitazama, naye akisema, "Kanichagulia huyu, mwana wa ndugu yangu, kutoka Zinjibar." Sijui alilisema mara ngapi. Asubuhi ya Idi baada ya sala wanaume walijipanga safu mbili mbele ya mitende, ngoma zikapigwa, wakaimba, halafu ngoma zikanyamaza ili mkubwa afungue. Ami Khalfan akatoka mbele peke yake. Akatia risasi kwa kupapasa, akarudisha wenzo, akaielekeza juu, akafyatua. Kikasikika kimlio kidogo, tik, kama njiti ya kibiriti iliyovunjwa. Akafungua, akafunga tena, akafyatua. Tik. Akabadili risasi. Mara ya tatu pia. Safu mbili za wanaume, watoto juu ya kuta, wanawake kwenye madirisha, na kimya kile. Kuna mtu nyuma alicheka kwa puani, akanyamazishwa. Ami akateremsha bunduki, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kosa langu. Nimesahau kuipangusa. Unyevu wa Matrah huo." Binamu yake mmoja akampa ya kwake, akafungua nayo, watu wakafuatia, moshi ukatanda. Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yake, nikitazama makubazi yangu.

Kama ningenyamaza tu, labda ningeweza kuishi nalo. Mchana tuliketi kwenye sinia, wali na nyama iliyofukiwa shimoni tangu asubuhi, inang'oka mfupani ukiigusa. Mzee mmoja wa upande wa pili, bila ubaya wowote, akaniuliza, "Si wewe uliyeichagua, kijana?" Wote wakanitazama. Nikasema, na ninaandika maneno yangu kama nilivyoyasema, "Nilipoinunua ilikuwa nzima. Nilimwambia ami aipanguse. Lakini macho yake, mnayaona." Sikuwahi kumwambia aipanguse. Ami alikuwa kuliani kwangu. Mkono wake ukaja juu ya wali, ukatafuta, ukapata kipande cha ubavu chenye mafuta, kile anachopewa mgeni, akakisukuma mbele yangu. "Kula, Nassor," akasema. "Umetoka mbali." Nikala. Kilikuwa kitamu, na hilo nalo linanitia haya mpaka leo.

Sikumwambia kweli mwaka ule wala mwaka uliofuata. Mwaka wa sabini akaja sultani mpya, nchi ikafunguka, nikapata kazi, nikahamia Darsait, nikaoa, na kila nilipokwenda kumsalimia niliingia barazani nikaikuta iko juu ya misumari yake. Hakuiuza, hakuipeleka kwa fundi. Alipata macho baada ya kupasuliwa, alipata pesa pia, wanawe, Salma na wadogo zake waliozaliwa baadaye, wakataka kumnunulia nyingine, akakataa. Kila Idi alikwenda nayo Samail begani na akafungua kwa bunduki ya kuazima. Nilidhani ni ukaidi wa wazee. Siku nyingine nilidhani ananiadhibu, nikamkasirikia, fikiri, mimi nikamkasirikia yeye. Alipofariki nilibeba jeneza lake kwa bega hili, nikawaambia watu alikuwa baba yangu, nikalia sana, na hata hapo kinywa hakikufunguka.

Sasa Salma alikuwa amekaa mbele yangu na birika la kahawa. Nikaona nisipolisema leo nitazikwa nalo. Nikaanza, "Salma, ile bunduki, mimi sokoni..." Akainua kiganja, kama anavyomnyamazisha mwanafunzi. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na kitu kilichoviringishwa katika kitambaa. Kilikuwa kile kijiti cha mtende. Kimekauka, kimepinda kidogo, lakini cheupe tangu ncha mpaka ncha. Nikakigeuzageuza. Kijiti kilichoingia ndani ya mtutu uliopakwa mafuta hutoka cheusi. Hiki kilikuwa hakijaingia popote.

"Siku ile ile," Salma akasema. "Wewe ulikwenda kuoga. Baba akaenda kunywa maji, mguu wake ukakigusa nyuma ya mtungi. Akakiokota, akakinusa huku na huku. Mie na mama tupo tunachambua mchele. Mama akamwambia, 'Si nilikwambia? Ijaribu basi mwenyewe, hapa hapa uwani, kabla hujakwenda kuaibika mbele za watu.'"

"Akasemaje?"

Salma hakunitazama. Alimimina kahawa, akakijaza kikombe kupita kiasi, yeye aliyefunza wasichana wa mtaa mzima kwamba kikombe hakijazwi.

"Akasema, 'Nikifyatua, Nassor atasikia.' Akatukanya tusikwambie, mie na mama, maisha yake yote na yetu. Mama kaniachia ruhusa kitandani, kabla hajakata kauli. Kasema, keshakuwa mzee, mpe."

Nilikinywa kile kikombe chote. Aliponiuliza kama nimekuja na gari la kuibebea bunduki, nilimwambia ibaki kwake, waitundike watoto wa ami, ni ya baba yao. Kijiti nilikiomba.